Nyekundu ya Bi Rangi

Nilipokuwa mdogo niliamini kwamba shangazi huitwa shangazi kwa sababu ya shanga. Sikuona sababu nyingine. Dada wa baba yangu alitunga shanga tangu asubuhi hadi jioni. Shanga zilikuwa kwenye vikopo, kwenye mikunjo ya nguo zake, na siku moja kwenye sahani yangu ya wali, nikakaribia kuvunja jino. Mwenzangu mmoja darasani aliposema shangazi yake ni nesi, nilimbishia mpaka mwalimu akatutenganisha. Nesi anaweza kuwa mama mdogo, nilimwambia, lakini shangazi hawezi.

Siku hizi mimi ni msusi, mtu mzima mwenye chumba changu cha kazi, na mlango wangu unatazamana na wa shangazi. Katikati kuna korido nyembamba yenye sakafu ya saruji. Kila anayeingia kwake namwona, na kila linalosemwa kwake nalisikia, na nisiposikia vizuri nazima kikaushio cha nywele. Kwa hiyo haya ninayosimulia sikuambiwa na mtu.

Mtaani wanamwita Bi Rangi. Wengi wanamjua kwa ulimi wake, na kweli ulimi anao. Kuna mteja alikuja akitaka mkufu wa kumsema wifi yake, utungwe kwa namna ambayo wifi akiuvaa watu wajue ni mchoyo. Shangazi alimtazama juu ya miwani. "Shanga zangu hazitukani, mama. Mdomo unao, na naona ni mzima. Utumie huo." Mwingine, baba mmoja mwenye suti, alitaka bangili ya kumwomba mkewe msamaha. Shangazi akamuuliza amefanya nini ili ajue rangi za kuanzia. Yule baba akasema ni mambo madogo madogo tu ya nyumbani. "Haya," shangazi akasema, akivuta kopo, "nitakutungia msamaha mdogo mdogo." Yule baba akakaa kwenye kigoda akaeleza yote, na mimi nikazima kikaushio.

Kwa lugha yetu shanga hutungwa, mashairi hutungwa, na uongo nao hutungwa. Shangazi husema yeye anafanya la kwanza, la pili linamshinda, na la tatu ametuachia wasusi.

Kazi yake ameipanga kwa namna isiyobadilika. Kwenye rafu kuna makopo ya maziwa ya unga yaliyokatwa vichwa, na mpangilio wake haujabadilika tangu nipate akili: nyeupe, nyeusi, nyekundu, kijani, buluu, manjano. Anamimina shanga kidogo kwenye kisahani, anapitisha uzi juu ya kipande cha mshumaa usikatike upesi, kisha sindano inaanza kudonoa shanga kama kuku anavyodonoa punje. Kila baada ya shanga chache anapiga fundo. Mtu akimwambia mafundo yanamchelewesha, humjibu kwamba mkufu usio na mafundo ukikatika sokoni mwenye nao atatambaa chini mbele za watu, na yeye hataki lawama hiyo.

Maana za rangi alifundishwa na mama yake. Nyekundu ni damu, damu ni moyo, na moyo ni mapenzi. Kijani ni majani, kwa hiyo ni afya na uzima. Buluu ni mbingu, na kwa kuwa anayengoja mvua huitazama mbingu, buluu ni subira. Manjano ni ukarimu, nyumba ambayo mgeni haulizwi kama amekula. Nyeusi watu huiogopa bure, asema. Nyeusi ni shida, lakini shida mliyoivuka pamoja, na wawili wasio na nyeusi kati yao bado hawajajuana. Na nyeupe? Nyeupe ni nia safi, ila haisemi kitu mpaka imsikilize jirani yake. Ikikaa na nyekundu, ni ndoa. Ikikaa na kijani, ni kwaheri njema, nenda salama. Hapo ndipo wateja huchanganyikiwa, na hapo ndipo yeye hunogewa.

Lakini hajidanganyi kwamba dunia nzima imelelewa na mama yake. Alishawahi kumpa mteja mkufu mweupe wa arusi, mteja akaangua kilio, maana kwao nyeupe ilikuwa ya msiba. Tangu siku hiyo, kabla hajagusa sindano, humuuliza kila mtu, "Kwenu nyeupe inasemaje? Na nyekundu je?" Hata mteja wa hereni za kuchezea watoto huulizwa.

Ndiye aliyenilea, kwa sababu baba na mama walikuwa wakifuata kazi huku na kule. Mwenyewe hakuolewa. Aliposwa mara mbili. Wa kwanza alitaka aache shanga. Wa pili alikuwa mzuri, mcheshi, ana adabu zake, ila siku moja alipiga kopo teke kwa bahati mbaya, shanga zikatawanyika chumba kizima, akasema "pole" akiwa amesimama. "Mtu asiyeinama," shangazi aliniambia, "utaishi naye vipi?" Nami kwa ujana wangu nikaona ni sababu ya kipuuzi kabisa ya kumkataa mtu. Siku hizi nina mume, na naiona ni sababu nzuri mno.

Sasa nije kwa fundi saa.

Chumba cha fundi kimepakana na cha shangazi, na kinachovitenganisha ni ubao mwembamba ambao haukufika darini. Balbu moja inaning'inia juu ya ubao huo na kuwamulikia wote wawili. Fundi amefiwa na mke, ni mtu mpole, anaongea polepole kana kwamba kila neno ni skrubu ndogo inayoweza kumponyoka. Siku aliyohamia alipiga msumari kwenye ubao, na upande wa pili makopo mawili yakaanguka. Alikuja mbio, akapiga magoti, na hakuinuka mpaka shanga ya mwisho ilipotoka chini ya kabati. Ila zote alizirudisha kwenye kopo moja, zimechanganyika nyekundu na kijani. Akasema kuchambua ni kazi ya mwenyewe. Shangazi akamwambia wanaume wote ni wavivu wa kumalizia, lakini nilimwona akichambua shanga hizo siku nzima huku akitabasamu peke yake.

Kuanzia hapo ikawa kawaida. Chai ya saa nne fundi huja kunywea kwa shangazi, kile kioo chake cha jichoni cha kukuzia vipuri vya saa kikiwa kimepandishwa kwenye paji la uso. Nyonga ikimsumbua shangazi, fundi ndiye anayemshushia makopo. Na kwa kuwa ubao haufiki darini, maana zote za rangi amezisikia akazihifadhi kichwani. Shangazi akichoka kueleza, sauti hutoka upande wa pili: "Manjano ni ukarimu, mama!" Shangazi hujibu bila kuinua macho: "Fundi, tengeneza saa!" Wateja hucheka. Mimi nilikuwa nacheka pia, lakini kwa jambo lingine, maana shangazi yangu alikuwa ameanza kubadilisha kilemba kila siku kwa ajili ya kikombe cha chai.

Nilimwambia. Mimi sina subira, na vichwa vya watu vimenifundisha kwamba nywele zilizofungamana hazijifumui zenyewe. "Shangazi, mwambie."

"Nimwambie nini?"

"Unajua nini."

"Ninalolijua nalitunga," akasema. "Silisemi." Na ni kweli. Huyu mwanamke mwenye ulimi wa kumnyamazisha dalali hajawahi kuniambia mimi kwamba ananipenda. Nilipofaulu mtihani nilipewa bangili. Nilipoolewa nilipewa mkufu ulionifunika kifua kizima, nikausoma, nikalia, na yeye akaniambia nisiharibu vipodozi.

Basi ikaja wiki ambayo binti wa fundi alipiga simu. Alikuwa anaishi mji mwingine, na alikuwa amechoka kumsikia baba yake akikohoa kwenye simu. Akamwambia afunge kazi, aje akae naye, chumba kipo, wajukuu wapo, Jumamosi atakuja na gari la kubebea mizigo. Fundi alikuwa akiitikia upande wake wa ubao, simu ikiwa kwenye spika, shangazi upande wake ameshika sindano. Niliona ile sindano ikisimama hewani. Siku hiyo wateja wawili waliingia wakatoka bila kutaniwa, na mmoja wao akaja kwangu kuniuliza nani amefariki.

Kesho yake shangazi alifunga mlango wake mchana, jambo ambalo halijawahi kutokea. Alipoufungua alikuwa na mkanda wa saa.

Lazima niseme kwamba saa ya fundi mwenyewe ilikuwa aibu. Alitengeneza za watu zikang'aa, lakini ya kwake aliifunga mkononi kwa kamba ya viatu. Shangazi alikuwa amemtungia mkanda wa ngozi laini, na juu ya ngozi mistari minne ya shanga ndogo kabisa, zile zinazohitaji sindano nyembamba kuliko unywele. Nyeusi, buluu, nyekundu, nyeupe. Niliusoma kutoka mlangoni kwangu. Tumevuka mengi pamoja. Nimesubiri. Nakupenda. Na ile nyeupe imekaa ubavuni mwa nyekundu, wazi kabisa, haina hata haya. Shangazi yangu, kwa umri wake, alikuwa amemposa mwanamume kwa mkanda wa saa!

Hakumuuliza kwao nyekundu inasemaje. Angemuuliza nini mtu aliyekariri rangi zake zote?

Fundi aliushika mkanda chini ya balbu. Aliugeuza huku, akaugeuza kule, akashusha kioo chake jichoni. Midomo yake ilisogea kidogo. Kisha akasema kwa adabu yake yote, "Nimekuelewa, Bi Rangi. Asante sana. Mungu akubariki." Akarudi upande wake, na baada ya muda tukasikia droo zikivutwa na saa zikifungwa kwenye magazeti.

"Amesema asante," shangazi aliniambia jioni tulipokuwa tunafunga. "Kama mtu aliyerudishiwa chenji." Alijaribu kucheka, ikashindikana. Nilimshika mkono, naye akauacha ushikwe, na hapo nikajua ameumia kweli. Mimi niliumia pia, na mimi nikiumia huwa nakasirika.

Jumamosi hasira ilikuwa bado ipo. Nilikuwa na mteja kwenye kiti, nusu ya kichwa imesukwa, nusu imesimama wima. Nikasikia upande wa fundi utepe wa gundi ukivutwa kufunga boksi, na uvumilivu ukaniishia. Nikamwambia mteja anisubiri kidogo. Nikavuka korido na mikono yangu ya mafuta.

"Shikamoo mzee. Samahani, lakini shangazi yangu si mtu wa kuambiwa asante."

Fundi akainua macho. "Marahaba, mwanangu. Kwani nimekosea wapi? Amenitakia heri, nami nimeshukuru. Ningefanya nini zaidi?"

"Heri gani?"

Akanyoosha mkono. Saa yake ilikuwa imefungwa kwa mkanda ule ule, ameukaza vizuri. Akaanza kuusoma kwa kidole, polepole, kama kawaida yake. "Hii nyeusi, tumevumilia mengi, ni kweli. Hii buluu, niwe na subira huko niendako. Hii kijani, nipate afya, maana kikohozi changu anakisikia. Na nyeupe, basi niende salama." Akakohoa kidogo. "Ameniaga vizuri sana. Sijawahi kuagwa vizuri hivi."

Aliposema kijani, kidole chake kilikuwa juu ya nyekundu. Nyekundu kama nyanya.

"Mzee," nikasema, "rudia hiyo ya tatu."

Akautazama mkanda, akanitazama mimi, na nikaona uso wake unabadilika. Akashusha sauti. "Kumbe si kijani?" Akajikuna shingo. "Mwanangu, nitakuambia jambo, lakini lisivuke huu ubao. Nyekundu na kijani mimi sizitofautishi. Tangu utotoni. Mama yangu akisema niangalie nyekundu, mimi naona kijani kilichochoka tu. Nilijua hiyo ni moja kati ya mbili, ila sikujua ni ipi."

Alisahau kwamba ubao haufiki darini. Upande wa pili kigoda kiliburuzwa. Shangazi akatokea mlangoni, sindano ikiwa bado vidoleni na uzi wake ukining'inia.

"Huoni rangi?" akasema. "Miaka yote hii unakunywa chai yangu, huoni rangi?"

"Nyingine naziona, Bi Rangi."

"Na makopo uliyokuwa unanishushia?"

"La tatu nyekundu, la nne kijani. Siku ungeyapanga upya ningeaibika."

"Na hukuniambia!"

"Ningekuambia vipi? Wewe ndiye Bi Rangi. Ni kama kumwambia mpishi kwamba sina ulimi."

Shangazi aliangua kicheko. Alicheka mpaka akakaa kwenye kiti cha wateja wa fundi, akafuta macho kwa ncha ya kilemba, akacheka tena. Fundi naye akaanza, kicheko na kikohozi vikachanganyika. Mteja wangu alikuwa ameshafika koridoni na ile nusu ya nywele imesimama, na nyuma yake fundi cherehani wa chumba cha mwisho na mshona viatu, maana koridoni kwetu kicheko cha namna hiyo ni cha wote. Niliwaashiria wanyamaze, nikijua fika kwamba mimi mwenyewe ndiye mbeya mkuu.

Kisha kicheko kikaisha, na swali likabaki pale pale. Nililiona likimfikia shangazi. Alitazama mkanda, akatazama maboksi, akaichomeka sindano kwenye kifua cha gauni lake ili mikono ipate pa kukaa. Alikuwa na haya. Sijawahi kumwona na haya maishani mwangu.

"Lakini Fundi," akasema taratibu, "ulijua ni moja kati ya mbili. Mbona ukachagua kijani?"

Fundi aliuzungusha mkanda kwenye kifundo cha mkono.

"Bi Rangi," akasema, "mtu wa umri wangu, na kikohozi hiki. Nani angenitungia nyekundu?"

Nilimtazama shangazi yangu, mwenye ulimi wa kutisha madalali, akifungua mdomo na kuufunga. Nikaogopa kwamba atainuka, aende kwenye vikopo vyake, amtungie kingine. Nikamwomba Mungu asiinuke.

"Mimi," akasema.

Sauti ilikuwa ndogo. Fundi akaweka kiganja nyuma ya sikio. Hadi leo sijui kama kweli hakusikia, au alitaka kusikia mara mbili.

"Mimi, mzee wewe!" Sasa ulikuwa ule ulimi wake tunaoujua, ukapita juu ya ubao na kwenda hadi barabarani. "Mimi ndiye niliyekutungia! Ni nyekundu! Na hiyo nyeupe imekaa na nyekundu, kwa hiyo haisemi nenda salama, na unajua vizuri inasemaje kwa sababu umenisikiliza ukutani kama mwizi!"

Mteja wangu akapiga kigelegele. Mimi nililia, na mafuta ya nywele yakaniingia machoni, ikawa kilio cha kweli. Fundi alikuwa amesimama, ameshika meza yake kwa mkono mmoja. Alijaribu kusema kitu, ikatoka "asante," akatikisa kichwa haraka, akalifuta hewani kwa kiganja. "Hapana, si asante. Ngoja. Ngoja nianze upya." Akavuta pumzi. "Ndiyo," akasema. "Nilitaka kusema ndiyo."

Ndipo honi ikalia nje. Binti yake aliingia koridoni na funguo za gari mkononi, akapishana na kundi zima akidhani labda kuna ajali. Akamkuta baba yake amesimama katikati ya maboksi, macho yamelowa, anacheka, na mama mmoja mwenye kilemba kilichopinda amekaa kwenye kiti cha wateja akitazama pembeni.

"Shikamoo, baba. Kuna nini? Mbona hujamaliza kufunga?" Akamshika mkono kumkagua kama ni mzima, akauona mkanda. "He! Huu umeutoa wapi? Nyekundu imekupendeza."

"Nimeambiwa," akasema fundi, akaanza kutoa saa zake kwenye boksi.